Jibu: Nova imeshang'aa, mbona eksirei zinachelewa?

Ndugu wa Lindi, nova ni nyota inayong'aa ghafla kwa mlipuko kwenye uso wake, na eksirei zake laini (zenye nishati ndogo) zinamezwa na gesi iliyorushwa na mlipuko huo. Muda tangu mlipuko ukiongezeka mara 2, gesi iliyo njiani hupungua hadi robo, na ndipo zinapenya. Basi kila usiku linganisha nova na nyota jirani zenye mng'ao unaojulikana, uhesabu siku hadi ishuke magnitudi 2 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao wa nyota) toka kileleni. Siku hizo zikiwa chini ya 10, yaani nova inafifia haraka na gesi inatawanyika upesi, tegemea eksirei mapema. Kwa nova RS Ophiuchi, iliyolipuka 2006, eksirei laini zilichukua takriban mwezi kupenya. Mwanga ukiporomoka ghafla baadaye, kama wa nova DQ Herculis ya 1934, ni vumbi linaloziba mwanga, usiuhesabu mporomoko huo. Eksirei zenyewe hupimwa na setelaiti, hazifiki ardhini. Kipindi cha masika huko kwetu kusini, mawingu yatakuachia mapengo: usiyajaze kwa kubuni.