Tope likijaa mbegu za mwani, mwaka huo lazima uwe na sumu?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Portland, jimbo la Maine, Marekani. Hapa kila tukitaka kwenda kuokota kome tunakuta ufuo umefungwa, eti kuna "maji mekundu", na bahari yenyewe naiona safi kabisa. Jirani kaniambia sumu inatokana na mbegu zinazolala kwenye tope, na wataalamu huzihesabu kila mwaka. Si watuambie mapema basi kama mwaka utakuwa mbaya? Na nikiwachemsha sana hao kome?

JIBU: Dada, nianze na la mwisho maana ndilo linaloua. Kuchemsha hakusaidii. Sumu hiyo, saksitoksini, haivunjwi na moto wa jikoni. Wala usafi wa maji usikudanganye: kome huchuja maji kutwa kucha, na hulimbikiza sumu hata bahari isipobadilika rangi.

Jirani yako kasema kweli. Mwani wenyewe si ule wa majani; ni wa seli moja, hauonekani kwa macho, nao ndio chanzo cha hayo "maji mekundu". Unaitwa Alexandrium catenella. Hali ikiwa ngumu, seli zake huungana mbili mbili zikawa sisti, kijidonge chenye ganda gumu. Ukivipanga ishirini hivi ndiyo unapata milimita moja. Huzama na kulala. Msimu ukiisha, watafiti huchota tope la sentimita ya juu tu, hulichuja, hulitia rangi, na kwenye darubini sisti hung'aa kijani-manjano. Iliyofukiwa chini zaidi haipati oksijeni, kwa hiyo haioti, ingawa haijafa. Inangoja mnyoo au dhoruba iifukue. Na kuna jambo ambalo mimi huniacha hoi: ukizifungia sisti za kilindi cha Ghuba ya Maine maabara, kwenye giza na baridi ileile siku zote, bado huota kwa kufuata mwaka, kana kwamba zimemeza kalenda.

Sasa, kwa nini hesabu haitoshi? Mkulima anaweza kuwa na ghala la mbegu na mvua ikamnyima. Mwishoni mwa 2009 sisti zilikutwa nyingi ajabu, asilimia 60 zaidi ya zilizokuwapo kabla ya mwani kufumka kwa wingi mwaka 2005. Watafiti wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari huko Massachusetts, wakatabiri kuwa 2010 ungekuwa mwaka mkali. Haukuwa. Maji ya juu ghubani yalikuja na joto zaidi na virutubisho haba, mwani ukakosa nguvu. Mwaka 2005 ilikuwa kinyume: mbegu zilikuwapo, halafu dhoruba za Mei zikausukuma mwani hadi pwani, na uvunaji ukafungwa kuanzia Maine mpaka Massachusetts.

Kwa hiyo hesabu ya tope huwasaidia wao kujiandaa. Wewe fuata tangazo la jimbo, linalotokana na kupima nyama yenyewe; kikomo ni mikrogramu 80 za sumu kwa gramu 100 za nyama. Likiondolewa, soma limetaja aina gani, kwa sababu kome hujisafisha kwa wiki chache, lakini wako jamaa zao wanaokaa na sumu muda mrefu zaidi. Na ukishakula, midomo ikaanza kuchonyota au kufa ganzi, usijilaze uone itakuwaje. Piga 911, kwa sababu baada ya hapo kinachopooza ni misuli ya kuvutia pumzi.