Barua kwa mwanangu: ile orodha ya Benaco

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya migogoro na machafuko ya kisiasa, na unaniuliza: "Baba, mtu anaweza kuyasoma mauaji kama anavyosoma uhasibu, na bado akabaki mtu?" Siku nne nimekaa na swali hilo. Limenigusa pabaya, maana uhasibu huo mimi nimeufanya.

Unajua kwamba mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, nilikuwa Ngara, mpakani, karani wa ghala. Yaliyobaki sijawahi kukusimulia. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 tu. Upande wetu walinyang'anywa silaha. Mapanga yakalundikwa kando ya barabara kama kuni. Chini ya daraja, maji ya Kagera yalikuwa yanapitisha maiti kuelekea Ziwa Victoria. Sisi tukapelekwa kambi yao ya wakimbizi, Benaco, kugawa chakula.

Chakula hakikugawiwa kaya kwa kaya. Watu walipangwa kambini kwa komuni walizotoka, yaani maeneo ya utawala ya kwao Rwanda, na viongozi wa komuni zile zile ndio walioleta idadi ya watu wao na kupokea magunia. Alikuwapo mmoja, bwana mpole, shati limenyooka, ambaye orodha zake nilizipenda. Mistari kaipiga kwa rula, majina yote kwa herufi kubwa, umri pembeni. Wenzake walileta vikaratasi vilivyolowa jasho, usisome kitu. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akaiona karatasi hiyo mezani kwangu. Akasogea, akaniambia kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba mwandiko huo anaujua. Ndio ulioandika majina ya nyumba zilizoendewa usiku na wauaji kilimani kwao.

Nilimtazama yule bwana. Nikapiga muhuri, nikatoa magunia. Jioni hesabu ya ghala ilikubali, haikupungua hata kilo.

Baadaye wapo walioshindwa kuvumilia. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini mwishoni mwa mwaka ule, likisema misaada inawapa nguvu waliopanga mauaji. Wengine wakabaki, kwa sababu watoto walikuwa na njaa na hawakuwa wamemuua mtu. Hadi leo siwezi kukwambia nani alikosea. Ninachojua ni kwamba mimi sikuuliza chochote, na nilikuwa na kalamu mkononi.

Kwa hiyo nenda kasome, mwanangu. Hapa mtaani, ukitaja Rwanda, mtu atakujibu "ukabila", kisha ataagiza chai. Neno hilo linafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Soma kesi ya Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa komuni ya Taba. Mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilimtia hatiani tarehe 2 Septemba 1998, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari. Hukumu yenyewe inaeleza kwamba siku za mwanzo aliyazuia mauaji yasiingie Taba. Tarehe 18 Aprili akaitwa mkutanoni na viongozi wa serikali, aliporudi akawa mtu mwingine. Kabila lake tarehe 17 lilikuwa lile lile la tarehe 19. Basi kilitokea nini katika mkutano ule? Aliahidiwa nini, alitishwa na nani? Hayo ndiyo natamani ujifunze kuyauliza. Nyaraka za mahakama hiyo zimehifadhiwa Lakilaki, Arusha. Si lazima uvuke bahari kwa kila kitu.

Halafu jifunze kuhesabu, kwa sababu hata hesabu ina mwenyewe. Pale Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wana daftari la vita vya dunia nzima. Mapigano yanaingia yakifikisha vifo 25 kwa mwaka. Yakifika 1,000 huitwa vita. Serikali au kikundi kikiua raia wasio na silaha, kipimo ni hicho hicho cha 25. Sasa rudi nyumbani. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba, na watu kama 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Hesabu ya awali ya serikali haikufika 25. Tume ya uchunguzi ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ikataja 31. Watetezi wa haki za binadamu wa Human Rights Watch wakasema si chini ya 35. Kwa namba moja tukio linabaki nje ya daftari, kwa nyingine linaingia. Niliposikia habari hizo nilikumbuka meza yangu ya Benaco.

Kuhusu ada: ule ufadhili wa Chevening wa Uingereza unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wewe unayo mitatu, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Sharti hilo mama yako kalipenda kuliko yote. Ila chagua chuo kinachofundisha namna ya kumhoji mtu aliyefiwa bila kumrarua upya, na namna ya kuyaficha majina yake. Yule mama alinisogelea mbele ya watu wote, na mimi sikujua hata kumsogeza pembeni. Kesho yake hakuja kwenye foleni, wala keshokutwa. Sikuwahi kumwona tena.

Mwezi ujao ukishuka treni kutoka Dodoma usipitie kwa shoga zako kwanza, njoo moja kwa moja. Njoo na daftari. Yule bwana wa orodha jina lake nalikumbuka, na jina la komuni yake pia.

Baba yako