Pima chumvi kwanza, mwani baadaye

Kila mwanafunzi anayenijia hapa Malindi akitaka kusomea mwani wa hadubini, namwelekeza Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Omba ruhusa kwa msimamizi, kisha chota maji bwawa kwa bwawa, tangu yanapoingilia ya bahari hadi pale chumvi inapogandia. Kila bwawa na chupa yake, na kipimo cha chumvi kiandikwe papo hapo.

Bwawa la mwanzo lina takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, kama bahari, na humo diatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda gumu, ni za kila umbo. Maji yakizidi kukauka, aina nazo zinapukutika. Ukikaribia gramu 260, chumvi inapoanza kuganda, anayetamba ni Dunaliella: chembe yenye vijimkia viwili, haina ukuta, inajitengenezea gliseroli, kimiminika kizito, ndani ili chumvi isiinyonye maji. Jua likiikolea inajijaza karotini, ile rangi ya karoti, ikawa nyekundu.

Basi tone la huko la kutazama kwa hadubini usilizimue kwa maji ya bomba. Chembe itavimba na kupasuka ukiiangalia. Iodini nayo ingoje hadi uzione chembe zikiwa hai. Inahifadhi vizuri, lakini inapaka kila kitu rangi ya chai ya rangi.

Wengi hunibishia kwamba kinachoamua mwani upi uishi wapi ni joto, si chumvi. Haya, twende Antaktika. Kule Vestfold Hills, barafu kuu iliporudi nyuma nchi kavu iliinuka, na bahari ikanaswa mabondeni. Leo kuna mamia ya maziwa, mengine maji baridi ya kunyweka, mengine yameipita bahari kwa chumvi. Deep Lake ina chumvi karibu mara kumi ya bahari, haigandi hata maji yakishuka nyuzi 15 chini ya sifuri, na mwani wake mkuu ni Dunaliella! Ukoo ule ule wa Gongoni. (Sisemi baridi haina kazi, inapunguza kasi ya kukua, tena sana.) Na kwa kuwa maganda ya diatomu ni ya silika, kitu kama kioo, hayaozi upesi, wataalamu huchimba tope la maziwa hayo wakasoma chumvi ya zamani kwa aina zilizozikwa humo.

Refraktomita, yaani vifaa vya kupimia chumvi kwa mwanga, nyingi za maji ya bahari zinaishia gramu 100. Kwa mabwawa ya mwisho, changanya kipimo kimoja cha maji ya bwawa na vitatu vya maji safi yasiyo na chumvi, pima, kisha zidisha kwa nne. Ni makadirio, ila kwa mradi wa shule yanatosha. Mvua ya masika ikinyesha, rudia vipimo vyote.