Udi unavuja kwenye sauti

SWALI: Nina rikoda ya kaseti ya traki nne (njia nne za sauti, kila moja hurekodiwa peke yake) na maiki moja. Nikirekodi udi kisha nikaimba huku nikiusikiliza kwa spika, udi unasikika tena kwenye traki ya sauti. Kwa nini? — Msomaji, Wete

JIBU: Ni spika hiyo, ndugu yetu. Maiki inaunasa udi unaotoka humo. Zima spika, usikilize kwa hedifoni zinazofunika masikio barabara.

Anza na ngoma ya dumbak traki ya 1, maana ndiyo mwendo. Udi ya 2, fidla ya 3. Kila mara washa kurekodi kwenye traki moja tu. Traki uliyosahau kuizimia kurekodi itafutika. Ukitaka nafasi zaidi, changanya hizo tatu uzihamishie ya 4. Usikilize kwa makini kabla ya kuzifuta: zikishachanganywa hazitenganishiki, na kila uhamisho huongeza mvumo. Kwa hiyo uhamisho mmoja unatosha.

Tumia kaseti ya kromu ya C60 (ya dakika 60). Utepe wa C90 ni mwembamba, hunyooka upesi. Na usiigeuze kaseti! Traki nne hujaza upana wote wa utepe, hivyo ukirekodi upande wa pili unafuta wa kwanza.