Usilipe ada kabla hujamuona mtu akiifanya hiyo kazi

Mkuu usilipe hiyo ada kwanza. Nimesoma hapo unaposema umeshaandika barua ya kuacha kazi ya uhasibu ukasomee usanifu majengo, eti jaribio la mtandaoni la kuchagua kazi limekwambia wewe ni msanii na mshauri wa chuo akakazia, nikashindwa kupita kimya.

Majaribio mengi ya aina hiyo yametokana na kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeitoa nadharia yake 1959 akagawa watu makundi sita, na msanii ni mojawapo. Sawa, ila yale yanapima unachopenda tu, hayapimi uwezo na wala hayakuonyeshi siku ya kazi inavyokwenda. Hata mimi liliniambia hivyohivyo, msanii, nikaacha ajira nikaenda kusomea usanifu majengo kichwakichwa.

Chuoni raha tupu, kuchora, kukata kadibodi za vimodeli, usiku hulali na husikii uchovu. Nikaajiriwa. Kazi ya kwanza nikakabidhiwa orodha ya milango ya jengo zima. Kila mlango una namba yake, upana wake, unafungukia upande gani, bawaba gani, kitasa gani, unatakiwa uhimili moto dakika ngapi, halafu mteja anaamua kusogeza ukuta mmoja na wewe unarudi kurekebisha kila mchoro unaougusa huo ukuta, na ukiusahau mmoja fundi atajenga kwa huohuo. Wiki nzima milango! Wenzangu wa meza ya pili walikuwa wanaipenda kazi hiyo kwelikweli, na bila watu kama wao jengo haliishi salama. Mimi ilikuwa inanimaliza. Na hapo miaka ya chuo imeenda, akiba imeenda, kiti changu cha zamani kashakikalia mwingine.

Anayeniuma ni mshauri wa chuo aliyenisajili mimi. Alinipigia simu kila siku, "nafasi zinaisha, lipia", kumbe analipwa kamisheni kwa kila anayemsajili, na hakuwahi hata kunitajia nikatembelee ofisi ya msanifu. Wako anakuharakisha? Basi jua.

Tafuta msanifu, omba ukae naye siku za kawaida za kazi, sio siku ya kukabidhi jengo watu wanapiga picha. Usimuulize kama anaipenda kazi, watu wanajibu kwa adabu. Muulize jana aliingia saa ngapi na alifanya nini mpaka anaondoka, mwombe akuonyeshe faili alilokuwa analishughulikia, akiwa tayari akupe kipande ukifanye mwenyewe. Tafuta na wa pili, aliyeiacha hiyo kazi, huyo hana cha kukuficha. Likizo yako ya kazini inatosha kabisa kwa hayo na mshahara unaendelea kuingia.

Umeuliza pia habari za umri na mkopo, hayo wengine watakujibu. Mimi niambie tu, hiyo barua umeshaipeleka au bado iko kwako?