Usisubiri hali itulie, peleka fomu ya hifadhi ya ukimbizi kabla mwaka wako wa kwanza Marekani haujaisha

Mleta mada, usithubutu kusubiri. Nimesoma maelezo yako mara mbili na usingizi umeniruka. Umetoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na familia baada ya waasi wa M23 kuingia Februari 2025, mkaingia Marekani mwezi wa nne kwa viza ya matembezi, sasa ni miezi tisa na ombi la hifadhi hujapeleka kwa sababu wakubwa wa jamii yenu wamekushauri ungoje hali itulie. Ukauliza na kibali cha kazi, shule ya watoto, na kama mhame Maine mwende Texas. Kibali cha kazi nitakigusa, shule na Texas zitasubiri. Nisikilize kwanza.

Mimi ni Mrundi, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Niliingia Agosti 2019. Pale tulipofikia kulikuwa na mzee mmoja anayewajazia watu fomu. Ana printa, ana mhuri, anavaa suti hata siku za kazi. Kwetu mtu wa namna hiyo tayari ni wakili. Alichukua dola 400 zangu akaniambia: "Mama, rais huyu hataki wageni. Ngoja uchaguzi wa Novemba 2020. Akija mwingine utapeleka, na utapata haraka." Nani angembishia? Kila taarifa ya habari ilikuwa na amri mpya. Mara watu wa mpakani wanarudishwa Mexico wakasubirie kesi huko, mara mpaka umefungwa kwa ajili ya korona. Nikangoja. Rais akabadilika kweli, na Februari 2021 nikapeleka I-589 yangu, yaani fomu ya kuomba hifadhi, nikiwa nimefunga na kuomba.

Nilikuwa nimechelewa miezi sita.

Sheria ya 1996 inataka ombi la hifadhi lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku uliyoingia. Hilo si amri ya rais yeyote. Clinton aliitia saini, wakaja Bush, Obama, Trump, Biden, na Trump tena, na mwaka umebaki mwaka uleule. Amri zinapanda na kushuka kama mawimbi ya Tanganyika, lakini hiyo kalenda haisikii uchaguzi. Mzee wangu hakuijua, au aliijua akanyamaza, na hadi leo sijui lipi ni baya zaidi.

Afisa wa hifadhi alinipeleka mahakamani, ambako foleni ni ya mamilioni ya kesi. Jaji akanisikiliza mwaka 2024, akaniamini. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo: aliniamini! Alisema hadithi yangu ni ya kweli, ila kwa kuchelewa hawezi kunipa hifadhi. Akanipa zuio la kurudishwa Burundi, ambalo hata kulipata ni kugumu zaidi. Kwa hifadhi unaonyesha hofu yenye msingi. Kwa zuio lazima ithibitike kwamba kudhurika kwako kuna uwezekano zaidi ya nusu.

Watu walinipongeza, wakapika pilau. Hawakujua nilichokosa. Mwenye hifadhi anaomba grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, baada ya mwaka, na anaweza kuwaombea mume na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Mwenye zuio hana njia hiyo. Binti yangu nilimwacha Ujiji kwa dada yangu akiwa na miaka tisa. Sasa ana kumi na tano, na sauti yake kwenye simu imekuwa ya mtu mzima. Isitoshe, zuio linakataza kunirudisha Burundi peke yake. Tangu 2025 serikali inawapeleka watu nchi za tatu. Wapo waliojikuta Sudan Kusini, Eswatini na Rwanda. Rwanda, mimi Mrundi! Kila sera ikibadilika, mwenye zuio ndiye wa kwanza kukosa usingizi.

Yule mzee bado anajaza fomu. Nilimkuta harusini, akaniambia Mungu hakuniandikia. Namwambia hapa hadharani: usimsingizie Mungu. Ni wewe.

Sasa hayo yaliyokutisha. Ada ya dola 100 ya kupeleka ombi ipo kweli, ilikuja na sheria ya Julai 2025, na kila mwaka ombi likiwa bado linasubiri unalipa tena. Mwishoni mwa Novemba 2025 idara ya uhamiaji ilisimamisha kutoa maamuzi ya hifadhi, ni kweli pia. Lakini walichosimamisha ni maamuzi. Kalenda yako haikusimamishwa! Na siku 150 unazotakiwa kungoja kabla ya kuomba kibali cha kazi hazianzi mpaka ombi lipokelewe.

Wapo wanaosamehewa kuchelewa: aliyeugua sana, au ambaye mambo ya kwao yalibadilika baada ya yeye kufika. Bukavu ilianguka kabla hujaingia, kwa hiyo usiiegemee. Na "niliambiwa ningoje" usitarajie ikuokoe. Mimi niliisema mbele ya jaji nikilia.

Fomu kwanza, siasa baadaye. Tafuta wakili wa msaada wa bure, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, umwombe akuonyeshe kibali chake. Usipompata kwa wakati, peleka hivyo hivyo, vielelezo vingine utaongeza baadaye. Ila usiache nafasi tupu wala kusahau sahihi, maana fomu yenye upungufu hurudishwa na siku zinaendelea kuhesabika. Andika watoto wako wote, hata waliobaki nyumbani. Tuma kwa njia yenye risiti, na risiti uitunze kama cheti cha ndoa.

Fungua I-94 yako, ile rekodi ya kuingia kwako Marekani, usiku huu uangalie tarehe ya kuingia. Kisha rudi hapa utuambie zimebaki siku ngapi.