Jibu: Baharia mgeni aliyepata Medali ya Heshima

Mkuu, umeuliza kama kuna mgeni aliyepata Medali ya Heshima (tuzo ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani) katika jeshi la majini la Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wapo wengi tu. Mimi ninayempenda ni Philip Bazaar, mzaliwa wa Chile, baharia wa kawaida kwenye meli USS Santiago de Cuba.

Tarehe 15 Januari 1865 majeshi ya Kaskazini (upande wa serikali ya Marekani) yalivamia Fort Fisher, North Carolina, ngome iliyolinda njia ya kuingia bandari ya Wilmington. Kusini (majimbo yaliyojitenga) walikuwa karibu hawana mlango mwingine wa kupitishia bidhaa. Mabaharia na askari wa majini kama 2,000 waliteremshwa ufukweni, wengi wakiwa na bastola na mapanga tu (dhidi ya mizinga, hebu fikiria!), wakarudishwa nyuma vibaya.

Lakini jeshi la nchi kavu nalo lilikuwa likishambulia, na Bazaar alikuwa kwenye mashua iliyopangiwa jenerali mmoja wa nchi kavu. Aliingia ngomeni na wenzake, wakipeleka barua za vita wakati mapigano yamepamba moto. Kwa watu wa meli zote za kivita, walioingia ngomeni katika shambulio lile walikuwa 6 tu. Ngome ilianguka mikononi mwa Kaskazini usiku uleule.